Kwa mshahara wa kawaida, kusanya mikoba na mikanda kwanza, shotigani ya zamani baadaye. Pia nina maswali matatu

#1 Kitako cha Jozi (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, salamu kutoka Nkuhungu, Dodoma.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Marehemu baba alikuwa bwana shamba, na aliacha shotigani moja ya mitutu miwili, geji 16, kitako cha mbao ya mti wa jozi, chuma chake kimechongwa majani na ndege kwa mkono. Msiba ulipoisha tuliipeleka polisi. Nikaomba leseni kwa jina langu, nikaanzia mtaani, nikaenda kata, wilaya na kuendelea, na baada ya mwaka na miezi minne ikarudi nyumbani kihalali. Imelala kwenye kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti.

Toka siku ile nimeshikwa. Natamani nyingine tano, za kila nchi moja moja. Lakini mshahara mnaujua, na kila bunduki ni maombi mapya na ada ya kila mwaka. Kwa hiyo nimefikia msimamo huu, na naomba anayeupinga aupinge kwa hoja: mtu wa kipato cha kawaida akusanye kwanza vitu vilivyoizunguka bunduki. Mikoba ya ngozi, mikanda ya risasi, fimbo za kusafishia, vichupa vya mafuta, maboksi matupu. Kwa miaka miwili nimepata mkanda wa ngozi wa risasi 25 (elfu kumi na tano, mnada wa Msalato), fimbo ya kusafishia ya vipande vitatu yenye vichwa vya shaba (elfu nane, Sabasaba), na kichupa cha mafuta cha kusokota ambacho fundi cherehani wa Majengo alikuwa anakitumia kwenye cherehani yake, akanipa bure nilipomwambia ni cha nini. Jumla sijafika laki moja.

Sasa maswali:

Moja, chini ya mitutu kuna alama ya duara tatu zilizoshikana. Ni nini?

Mbili, kwenye sanduku la baba kuna chuma kizito chenye mkono wa kuzungusha na skrubu ya kubania mezani, kama mashine ndogo ya kusagia nyama, ila hakina pa kuingizia nyama. Kina tundu la kama kidole gumba.

Tatu, na hili ndilo linaninyima usingizi. Kitako kimepata ufa nyuma ya chuma, upande wa kulia, urefu kama kidole. Baba alipokuwa Tanga haukuwepo, nina picha. Umetokea Dodoma. Kwa nini?

#2 Kweleakwelea

Mwalimu, hicho chuma ni cha kusagia kahawa. Niletee nikusagie ya Kigoma.

#3 Mzee wa Kilimatinde

Nimesoma. Mimi nimetumika idara ya wanyamapori miaka 31, nyingi Rungwa na Kizigo.

Duara tatu ni Krupp, Mjerumani wa mizinga. Una bunduki ya Krupp, itunze. Ufa ni skrubu zimelegea. Nimeona bunduki nyingi sana za namna hiyo. Skrubu ikilegea robo mzunguko, chuma na mbao vinaachana nafasi ya unywele. Kila ukifyatua, chuma kinarudi nyuma kama nyundo na mbao inapokea kipigo mahali pamoja badala ya kusukumwa yote kwa pamoja. Mbao haipasuki siku hiyo. Inapasuka siku ya mia.

Hicho chuma cha swali la pili sikijui.

#4 Mgeni wa Mtumba

Shikamoo Mzee. Nimehamia Dodoma na wizara, uzi huu umenifurahisha. Naomba kueleweshwa, geji 16 maana yake nini? Nilidhani ni milimita.

#5 Suhl hadi Saranda

Wakuu habari. Mzee wa Kilimatinde, shikamoo. Kwa heshima yako niongeze kidogo kwenye Krupp.

Krupp wa Essen hakuunda hiyo bunduki. Aliuza chuma. Mafundi wengi wa Ujerumani, hasa wa mji wa Suhl, walinunua vyuma vya mitutu kutoka kwake na kuvipiga ile alama ili mnunuzi ajue mtutu ni wa chuma kizuri. Ni sawa na fundi wa Chang'ombe akuuzie geti, kisha kwenye bomba ukute nembo ya kiwanda cha bomba. Jina la aliyeiunda Mwalimu alitafute juu ya mitutu, katikati, au kwenye chuma chini ya mbao ya mbele. Mara nyingi ni herufi mbili tatu tu.

Na duara zenyewe si mapambo. Krupp alipata jina kwa kutengeneza tairi za chuma za magurudumu ya treni zisizo na mahali pa kuungia, na tangu 1875 tairi tatu zilizopangana ndizo nembo yake. Sisi tuliokulia kando ya reli ya kati jambo hili linatugusa.

Mgeni wa Mtumba, geji ni hesabu ya zamani ya Waingereza. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, yaani gramu 454, igawe vipande 16 vilivyo sawa, kila kipande kifinyangwe kiwe gololi. Gololi hiyo ndiyo upana wa mtutu wa geji 16. Kwa geji 12 unagawa vipande 12, kwa hiyo gololi ni kubwa zaidi. Ndiyo maana namba ikipungua mtutu unapanuka. Geji 12 ni kama milimita 18.5, geji 16 ni 16.8, geji 20 ni 15.6. Isipokuwa ile ndogo ya 410. Hiyo si geji, ni sehemu ya inchi.

#6 Mgeni wa Mtumba

Asante sana. Leo nimelala na elimu.

#7 Baruti Kavu

Naona watu wanazunguka. Mwalimu, jibu hili: ulipoipata ulinunua risasi gani? Urefu gani? Kama ni risasi za kisasa za milimita 70, ufa wako huo hapo.

Bunduki nyingi za Kijerumani za geji 16 za zamani zina chemba, yaani pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, ya milimita 65. Risasi ya 70 inaingia vizuri tu, na mtu anadhani inafaa, kwa sababu urefu unaoandikwa kwenye boksi ni wa ganda likishafunguka. Kabla ya kufyatuliwa mdomo umekunjwa, ni fupi. Ukifyatua, mdomo unafunguka ndani ya pale mtutu unapoanza kubana. Njia inakuwa nyembamba, mgandamizo unapanda, bunduki inakurudisha bega kwa nguvu ambayo aliyeiunda hakuitarajia. Mbao ndiyo inayolipa. Ukiwa na bahati mbaya mtutu nao unalipa, na mkono wako.

Skrubu zinalegea kwa sababu hiyo hiyo, Mzee.

#8 Binti Chemba

Hapo kwenye chemba nimeshtuka, nikadhani tunasemwa sisi wa wilayani.

#9 Kweleakwelea

Chemba ya milimita 65! Na barabara yenu nayo ni ya milimita 65, dada.

#10 Fundi Makole

Niko kwenye mbao tangu 1998, samani na ukarabati. Bunduki siruhusiwi kuitengeneza mtambo wake na sigusi, ila vitako nimetengeneza vitatu, wenyewe wakiwa na karatasi zao na wamekaa hapo hapo wakisubiri.

Ndugu zangu, mnaongea chuma tu. Sikilizeni mbao. Jozi ilikaa Tanga, hewa ina maji mwaka mzima. Mbao ilishiba. Ukaileta Dodoma, mvua inaisha Aprili, mpaka Novemba au Desemba hakuna tone, upepo na vumbi usiku na mchana. Mbao inasinyaa kwa upana, siyo kwa urefu. Chuma hakisinyai. Kwa hiyo mbao inayokumbatia chuma inavutwa pande mbili huku imeshikiliwa na skrubu katikati. Lazima ipasuke, hata kama hujafyatua hata risasi moja. Milango yangu ya mkongo inayotoka Dar hunifanyia hivyo hivyo ikifika Dodoma isipotulizwa kwanza.

Kitu cha pili, Mwalimu, bunduki inakaa vipi kabatini? Mdomo juu?

#11 Kitako cha Jozi

Asanteni wote. Najibu kwa mpangilio.

Suhl hadi Saranda, nimeangalia kwa tochi. Hakuna jina juu ya mitutu. Chini ya mbao ya mbele kuna herufi mbili na namba ya tarakimu nne. Pia kuna neno NITRO na taji dogo. Nitaweka picha, namba nitaifunika.

Baruti Kavu, risasi nilikuta boksi la baba nusu, sikumbuki kuangalia urefu. Nimefyatua mara sita tu, uwanjani, nikiwa na mtu mzoefu. Boksi nitalitazama.

Fundi, ndiyo, mdomo juu. Baba aliiweka hivyo, nami nikafuata.

#12 Fundi Makole

Basi. Miaka mingapi baba yako aliipaka mafuta na kuisimamisha hivyo? Mafuta yanateremka ndani ya mtutu, yanapita kwenye mtambo, yanaishia kwenye kichwa cha kitako, pale pale penye ufa. Mbao iliyonyweshwa mafuta ya mashine miaka thelathini inakuwa laini kama mkate uliolowa chai. Weka mdomo chini, juu ya kitambaa, au ilaze.

#13 Mdigo wa Pongwe

Niwatetee watu wa pwani kidogo. Kwetu mbao hazipasuki, lakini kutu inakula chuma usiku mmoja. Marehemu alipaka mafuta mengi kwa sababu alikaa Tanga. Hakukosea. Angekaa Dodoma angepaka tone moja. Usimlaumu mzee wa watu.

#14 Kitako cha Jozi

Simlaumu kabisa, Mdigo. Nimesoma ujumbe wako mara mbili. Namkumbuka jioni, baada ya mvua, anaifuta kwa kipande cha shati lake la kazi. Asante.

#15 Wakili Area D

Kabla uzi haujaenda mbali, niweke jambo la kisheria, kwa sababu wengine wanasoma kimya kimya.

Sheria iliyopo ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyofuta ile ya 1991. Leseni hairithiwi. Aliyekuwa nayo akifariki, silaha inakwenda polisi na mrithi anaanza maombi yake mwenyewe, kama Mwalimu alivyofanya. Wapo wanaoificha juu ya dari wakisema ni kumbukumbu ya babu. Hiyo ni kesi, tena nzito.

Uzee wa bunduki hauiondoi kwenye sheria kwa vile tu inapendeza ukutani. Na leseni ya silaha siyo leseni ya kuwinda, hiyo ya kuwinda inatoka TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Risasi za kujijazia nyumbani, msiguse kabisa.

Kwa hiyo wazo la mwanzilishi la kukusanya mikoba na mikanda naliunga mkono hata kwa upande huu. Mkoba haulali rumande.

#16 Mgeni wa Mtumba

Wakili, kuna mtu Mpwapwa aliniahidi gobole la zamani la kuning'iniza sebuleni, anasema halifanyi kazi. Hilo vipi?

#17 Wakili Area D

Achana nalo. Gobole ni silaha. Kwamba halifanyi kazi ni maneno ya muuzaji, na wewe ndiwe utakayekutwa nalo. Mshauri alisalimishe. Serikali imeshatangaza zaidi ya mara moja vipindi vya kusalimisha kwa hiari bila kushtakiwa, na nje ya vipindi hivyo aende kwa mwanasheria au kiongozi wake wa mtaa kwanza, waongozane kituoni.

#18 Binti Chemba

Naomba niseme kidogo hapo kwenye kusalimisha.

Babu yetu alikuwa na gobole la fataki, kile kikofia kinacholipuka kikigongwa. Kijiji kizima kililijua, maana ngedere na ngiri wakiingia kwenye mtama aliitwa yeye. Babu alipofariki lilibaki kwenye nyumba ya tembe, na kilipotangazwa kipindi cha msamaha, baba akalibeba akalipeleka. Nilikuwa naye. Lilikuwa refu kuliko mimi. Askari aliandika, akalilaza sakafuni pamoja na mengine, na baba akasimama pale muda mrefu bila kusema.

Kilichobaki kwetu ni pembe ya baruti, ya ng'ombe, imezibwa chini kwa mti na juu ina kizibo cha mpingo. Kuna na mfuko mdogo wa ngozi ya mbuzi aliowekea marisau, vile vigololi vidogo vya risasi, na kipimo cha kuchotea alichotengeneza mwenyewe kwa ganda la risasi lililokatwa. Hatukuvikusanya, tulibakiziwa. Lakini nikisoma alichoandika Mwalimu naona ni kitu kile kile. Pembe ikinuka mpaka leo namsikia babu.

Mfuko wa ngozi umekakamaa kama ubao. Nifanyeje usivunjike?

#19 Mzee wa Kilimatinde

Mjukuu wangu, umeandika vizuri. Mwambie baba yako mzee mmoja wa Kilimatinde anamheshimu kwa siku ile.

Ngozi usiiloweke maji wala usiianike. Usiikunjue kwa nguvu. Ifute vumbi kwa brashi laini, kisha paka mafuta ya ngozi kidogo sana kwa kidole, siku moja, uiache wiki, urudie. Mafuta mengi yanaozesha nyuzi. Sisi kazini tulitumia mafuta ya kondoo, lakini yale yanaita panya.

Jambo jingine. Nyinyi vijana mnasema mtutu, mtutu. Neno la zamani ni kasiba. Bunduki ya kasiba mbili. Fimbo ya kushindilia inaitwa mdeki. Na gobole la jiwe linaitwa gumegume, la babu yako lilikuwa la fataki. Maneno haya nayo yakusanyeni, hayana leseni.

#20 Suhl hadi Saranda

Mzee, maneno hayo nayapokea. Kuna na korofindo, bibi yangu alilitumia kwa gobole lolote.

Binti Chemba kanikumbusha jambo. Watu huuliza kwa nini magobole yalidumu kwetu mpaka karne hii wakati Ulaya bunduki za kupakia nyuma zilishaenea tangu miaka ya 1860 na 1870. Sababu moja ni mkataba wa Brussels wa 1890. Mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa kuuzwa Afrika, lakini gumegume zisizo na mifuo (mistari ya kuzungusha risasi) ndani na baruti ya kawaida ya biashara viliachiwa kwa masharti. Kwa maneno mengine, Waafrika waliachiwa kilichopitwa na wakati. Ugogo ilikuwa njia kuu ya misafara, watemi walitoza hongo kwa kila msafara uliopita, na bunduki zilipita hapa hapa.

#21 Mpwapwa Juu

Sikubaliani kwamba ni mkataba tu. Wahunzi wetu walikuwa wanaunda wenyewe. Mjomba alikuwa mhunzi. Bunduki ya kupakia nyuma mhunzi hawezi kuilisha, maana ganda la risasi linatoka kiwandani. Gobole linakula baruti na vipande vya chuma. Ndiyo sababu lilidumu, lilikuwa linatengenezeka kijijini.

#22 Baruti Kavu

Na bei. Msisahau bei.

#23 Kweleakwelea

Mwalimu aliuliza ufa, tumefika Brussels.

#24 Dereva wa Kongwa

Mimi nimechelewa, lakini chuma cha swali la pili nakijua! Babu alikuwa anacho. Aliendesha trekta Kongwa kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 mpaka ulipokufa 1951, na mzungu mmoja alipoondoka alimwachia sanduku.

Hiyo ni mashine ya kufunga risasi za karatasi. Zamani ganda la shotigani lilikuwa karatasi ngumu, kitako chake shaba. Mtu alijaza mwenyewe, akaweka kadi nyembamba juu ya marisau, kisha akaingiza mdomo wa ganda kwenye hilo tundu, akazungusha mkono. Ndani kuna vijino vinavyoikunja karatasi kwa ndani mpaka inabana kadi. Tundu la kidole gumba ndilo geji 16. Maganda ya plastiki yalikuja Marekani mwaka 1960, mashine zikaanza kukosa kazi.

Babu alitumia yake kubania kamba za viatu. Mimi niliiuza kama chuma chakavu, kwa kilo. Najuta mpaka leo.

#25 Kitako cha Jozi

Dereva, umenitoa machozi na umenifundisha kwa pamoja. Nimeingiza ganda tupu la 16 kwenye tundu, limekaa kama limezaliwa nalo. Kumbe baba alikuwa na seti.

Kweleakwelea, kahawa yako imekosa mashine.

#26 Kweleakwelea

Nimekubali. Nilikuwa na uhakika kabisa.

#27 Mgeni wa Mtumba

Swali la mwanafunzi tena. Kama mtu siku moja akipata nafasi ya kununua ya zamani kihalali kwa mwenye leseni, anaikaguaje asiuziwe bomba?

#28 Mzee wa Kilimatinde

Kwanza hakikisha ni tupu. Wewe mwenyewe ifungue utazame, hata kama mwenyewe ameapa.

Kisha toa mbao ya mbele, shika kitako, tikisa kasiba. Ikicheza, bawaba imelika, acha. Ikifungwa imulike na taa, usione mwanga kati ya kasiba na chuma.

Sasa kipimo ninachokipenda. Zitoe kasiba zote mbili, zining'inize kwenye kidole kimoja kwa ile ndoano ya chini, uzigonge kwa kucha. Zikiwa nzima zinalia kama kengele ya kanisa, sauti inakaa. Zikilia kama sufuria yenye ufa, ule ubapa unaoziunganisha umeachia mahali. Ndani zitazame ukielekea dirishani. Kivuli cha duara kikivunjika mahali, pana bonde. Madoa meusi ni mashimo ya kutu.

Ukiona kasiba ina michoro kama ngozi ya chatu, hiyo ni ya kusokotwa, vipande vya chuma vya aina mbili vilivyosukwa na kuchomelewa kwa nyundo. Ni nzuri kuliko zote kwa macho. Nyingi ziliundwa kwa baruti nyeusi ya moshi. Usizipige risasi za dukani.

#29 Suhl hadi Saranda

Niongeze mihuri, kwa sababu mnunuzi wa pesa kidogo anaokolewa na mihuri. Bunduki hujaribiwa kwa risasi kali kuliko kawaida kisha hupigwa muhuri. Uingereza kuna nyumba mbili za majaribio, London na Birmingham, ya Birmingham ilianzishwa 1813. Ubelgiji tafuta herufi ELG ndani ya yai, hiyo ni Liège, na kama yai lina taji juu ni 1893 au baadaye. Bunduki za Liège zilimwagwa dunia nzima kwa bei nafuu, nyingine duni na nyingine kazi safi sana, kwa hiyo usidharau wala usishangilie kabla ya kukagua. Neno NITRO la Mwalimu linamaanisha ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Hiyo ni habari njema.

#30 Mpwapwa Juu

Ilifikaje Tanganyika basi? Mjerumani alikimbia Dodoma Julai 1916 Mwingereza alipoingia. Mimi nasema iliachwa wakati ule.

#31 Suhl hadi Saranda

Inawezekana. Inawezekana pia iliagizwa baadaye, walowezi wa Kijerumani walirudi Tanganyika miaka ya 1920. Bila tarehe kwenye muhuri hatuwezi kujua.

#32 Dereva wa Kongwa

Au Kongwa! Wanajeshi wengi wa Kiingereza waliotoka vitani walikuja Kongwa, na walitoka Ujerumani na vitu.

#33 Binti Chemba

Naomba kuuliza, kwa nini kwenye bunduki ya mitutu miwili mmoja mdomo wake ni mwembamba? Niliona kwenye ya jirani.

#34 Mzee wa Kilimatinde

Wa kulia unafyatuliwa kwanza, kanga yuko karibu, marisau yatawanyike mapema. Wa kushoto ni wa pili, kanga ameshakwenda, marisau yaende yamekusanyika. Ndiyo maana mdomo unabanwa. Siyo kosa la fundi.

#35 Kitako cha Jozi

Wakuu, nimerudi na majibu baada ya wiki tatu. Niliipeleka kwa fundi wa silaha mwenye kibali, karatasi zangu mkononi. Amepima na kufungua mbele yangu.

Chemba ni 65.

#36 Baruti Kavu

Nilisema.

#37 Kitako cha Jozi

Subiri Baruti Kavu, sijamaliza. Boksi la baba nimelitazama, limeandikwa 65. Kwa hiyo zile sita nilizofyatua zilikuwa sahihi. Alichofyatua baba mwanzoni sijui.

Mbao ndani, pale kichwani, ni nyeusi na ina harufu ya mafuta ya mashine. Kidole kikibonyeza kinaacha alama. Na skrubu kubwa ya nyuma ilizunguka zaidi ya nusu mzunguko kabla ya kubana. Ufa wenyewe umefuata mkondo wa nyuzi za mbao, na mkondo pale unakwenda mshazari, kitu ambacho sikuwahi kukigundua.

Yaani kila mmoja wenu ana kitu chake mle ndani.

#38 Fundi Makole

Mkondo wa mshazari ni kosa la aliyechagua mbao Ujerumani. Lakini ilidumu miaka yote hiyo mpaka ilipofika Dodoma. Mimi nabaki na ukavu, mafuta yakisaidia.

Matibabu: usigundishe juu ya mafuta, haitashika. Pakaza unga wa chaki mkavu pale penye weusi, weka mahali pa joto kiasi, unga utageuka kahawia, futa, rudia hata mara kumi. Uvumilivu. Ukishaona unga unabaki mweupe, ndipo gundi ya mirija miwili iingie ndani kabisa ya ufa, ufunge kwa mpira wa baiskeli. Na tafadhali usipige msasa mbao ile iliyo kando ya chuma. Ukiishusha ikawa chini ya chuma umeshaiharibu sura milele.

#39 Mdigo wa Pongwe

Mpira wa baiskeli, hapo Fundi nimekuvulia kofia.

#40 Mzee wa Kilimatinde

Nusu mzunguko, Mwalimu. Nilisema robo.

#41 Baruti Kavu

Mzee, na nani aliilegeza? Risasi ya 70, zamani, kabla boksi hilo halijanunuliwa.

#42 Mzee wa Kilimatinde

Au gari, kijana. Bwana shamba wa zamani alitembea na Land Rover kwenye barabara za vumbi, bunduki nyuma ya kiti. Skrubu haihitaji risasi ili ilegee.

#43 Binti Chemba

Mwalimu, nimepaka ngozi wiki ya pili, imeanza kulainika kingo. Na jana nikisafisha pembe ya babu nimetoa kile kizibo cha mti cha chini kwa mara ya kwanza. Kwa ndani kimechorwa kwa kisu, kama herufi, nne au tano, na mstari chini yake. Babu hakujua kusoma. Baba naye hajawahi kuiona.

#44 Kitako cha Jozi

Usiifute! Ipige picha asubuhi, jua likiwa linatokea pembeni, ili mikwaruzo itoe kivuli. Weka sarafu kando yake tujue ukubwa. Nasubiri, na Suhl hadi Saranda naye najua yuko hapo anasubiri.

#45 Suhl hadi Saranda

Nipo.